Baba Mdogo Asema Damu ya Gosbert Ni ya Kike

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu siku hiyo ukoo wetu unakaa kikao nyumbani Kihanga kuamua kibanja, lile shamba la migomba na kahawa la marehemu baba yetu, Polikarpi, na aliyeuwasha moto huu ni mimi kwa mdomo wangu. Mimi ni Celestina, nimeolewa Kiruruma, na mdogo wangu Gosbert ndiye mtoto wa kiume pekee wa baba. Kanisa lilimpeleka Ujerumani kusomea ufundi, akaugua huko saratani ya damu, madaktari wakasema atapona tu akipata uboho wa ndugu yake, yaani ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, wakapima, wangu ukamfaa, wakanisafirisha, mimi ambaye nilikuwa sijafika hata Mwanza, wakautoa nyongani mwangu wakamtia yeye.

Sasa Mama, ngoja nikwambie nilichokiona, maana mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Baada ya miezi walichukua damu ya Gosbert, wakaipaka kwenye kioo, wakaitia dawa inayopenya hadi ndani ya chembe ya damu, inatafuta mahali pake kwenye ule urithi tunaozaliwa nao, inanata hapo hapo na kuwaka. Daktari alisema chembe ya mwanamume huwaka nukta moja nyekundu na moja ya kijani, ya mwanamke huwaka nyekundu mbili. Kisha wakazima taa, na mashine ikafanya kazi peke yake, hadubini yenye kamera iliyounganishwa na kompyuta, inasogeza kioo yenyewe, inapiga picha, chembe zilizolaliana inaziacha, zilizokaa vizuri inazihesabu nukta, na hakuna mkono wa mtu unaogusa. Kwenye skrini ilikuwa kama vimulimuli migombani mvua ikishakatika, nyekundu mbili, nyekundu mbili, mamia kwa mamia, na kijani haikuonekana hata moja. Mchungaji aliyekuwa akinitafsiria akasema, "Celestina, hizi zote ni zako." Nililia mpaka nikaona aibu. Wakanipa picha yake.

Tuliporudi nyumbani ikafanyika ibada ya shukrani, na mimi kwa furaha nikaizungusha ile picha kwa wageni nikieleza nukta moja moja, sikujua kwamba baba mdogo Rwegoshora ananisikiliza kwa nia nyingine. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilipoanza kunyweka akasimama. "Mmemsikia wenyewe. Gosbert wetu alifia Ulaya. Huyu mliyeletewa ni Celestina aliyevaa suruali, na kibanja cha ukoo hakirithiwi na damu ya mwanamke." Watu walicheka, lakini siku zilizofuata wengine wakaacha kucheka, na sasa kikao kimeitwa. Gosbert ameacha kupalilia, anakaa mlangoni akiangalia mikono yake, na juzi aliniuliza, "Dada, hivi mimi nikiumwa, wewe unasikia?" Mama, niichome picha niwaambie wazee kwamba nilidanganya?

Celestina, Kiruruma

Marahaba, Celestina. Nimeisoma barua yako chai ikapoa mbele yangu, nikairudia. Watu wametengeneza jicho linaloingia ndani ya tone la damu na kuhesabu taa zake, wewe umesimama ukaliona, nami nakuonea wivu. Halafu unataka kulitia kiberiti kwa ajili ya mzee mmoja na rubisi yake! Weka hicho kiberiti chini.

Mdomo wako ulikimbia, hilo ninakulaumu. Picha ya mwili wa mtu haizungushwi kama sahani ya maharage bila kumuuliza mwenyewe, na Gosbert hukumuuliza. Muombe radhi.

Sasa sikiliza. Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Uboho ulioutoa umebadilisha damu tu. Mashine huhesabu inachoonyeshwa, nayo ilionyeshwa damu. Ingeonyeshwa ngozi ya mkono wa Gosbert, ingekuta nyekundu moja na kijani moja, kama siku aliyozaliwa. Ni mwanamume yule yule. Na Rwegoshora hasumbuliwi na nukta, mwanangu. Anasumbuliwa na kahawa ya kaka yake.

Jumamosi nenda na picha. Usikae jikoni na wapishi, kaa kwenye kikao. Baba mdogo akimaliza kusema, mpe picha mkononi, kisha muulize kwa heshima, "Baba, damu hii mimi niliipata wapi?" Kila mzee aliyekaa pale anajua umezaliwa na nani. Damu ya Polikarpi imetoka kwa binti yake ikaingia kwa mwanawe, haijapita nyumba ya jirani. Wakikataa, Gosbert aende mahakama ya mwanzo na barua ya hospitali, na wewe uwe shahidi wake. Ijumaa ashike jembe, wazee wamkute migomba imepaliliwa.

Bado kuna swali la mdogo wako. Mimi umeniandikia kurasa hizi zote, yeye hujamjibu. Nenda Kihanga leo, keti naye pale mlangoni, umwambie kwamba unasikia. Usingesikia, usingeniandikia.