Kamba wa Kibokoni na Kiapo cha Riyadh

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kache Tsofa Kombe. Umri: miaka 51. Kazi: mtunza stoo, ghala la majani ya chai. Makazi: Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu mbele ya Konstebo Joab Awiti.

Nyumbani kwangu nina tangi la kioo la maji matamu, nimelipanda majani kama bustani. Ndani mna samaki wadogo wa mstari wa buluu, wanaotembea kwa kundi, na walikuwamo kamba wekundu wadogo kuliko ukucha, niliowazalisha mwenyewe. Maji hununua kwa mkokoteni, kwa sababu ya kisimani yana chumvi, na huyalaza kwenye ndoo kabla ya kuyatia. Nikitaka kupuliza dawa ya mende, hulifunika tangi kwa leso mbili, kwani dawa hiyo huua kamba kabla ya samaki. Riyadh anajua. Ni mwana wa jirani yangu Ummukulthum, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, na mara nyingi ndiye aliyenisaidia kuzitandaza hizo leso.

Mwezi wa Februari watu wa upande wa mchumba wake walinijia kuulizia tabia zake, kama ilivyo desturi posa ikipelekwa. Niliwaambia niyajuayo: anamheshimu mama yake, hana kazi, na adhuhuri humkuta kitandani. Posa ilirudishwa. Tangu hapo akinipita alitazama ukuta.

Mnamo Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025 nilikwenda matangani Kaloleni, ufunguo nikamwachia Ummukulthum kama tulivyozoea. Nilirudi Jumapili jioni. Nilipofungua mlango, harufu ya dawa ilinipokea. Kamba wote walikuwa wamelala chini ya majani, wamegeuka rangi kama waliochemshwa. Samaki walikuwa wakitweta juu ya maji. Kopo la dawa lilikuwa kando ya tangi, na leso zangu mbili zimekunjwa vizuri, zimewekwa chini yake. Hizo leso ndizo zilizonichoma zaidi.

Asubuhi nilimwita Riyadh barazani, mbele ya mama yake na Bwana Mung'aro, mpangaji wa ghorofani. Nilimuuliza kama aliingia kwangu.

Akajibu, "Wallahi, Bi Kache, sikungia nyumbani mwako. Jumamosi alasiri nali Biashara Street, namtafutia mama leso."

Mama yake aliinamisha kichwa. Nikasema kiapo kimetosha, na kopo nikalitia kwenye mkokoteni wa taka uliokuwa ukipita.

Siku ya pili nikasikia amekamatwa. Jumamosi hiyo, wakati wa alasiri, duka moja la leso Biashara Street lilivunjwa mwenyewe akiwa msikitini. Jana Ummukulthum alinijia akilia.

Alisema, "Kache, alikuwa mwako. Ufunguo nilimpa mimi. Waambie polisi, mwanangu asifungwe."

Nilimuuliza mbona pale barazani hakusema. Akasema alimsitiri mwanawe. Nikamwambia nami namsitiri, siwezi kwenda kusema kwamba aliapa uwongo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Hii ni mara ya pili watu kuniuliza habari za Riyadh. Mara ya kwanza nilisema niyajuayo mimi, nikalipwa kamba waliokufa. Mara hii nasema aliyoyasema yeye. Mimi nilikuwa Kaloleni, sikumwona akiingia. Nina uchungu, na suluhu siitaki. Afande amesita kuandika, nami nimemwomba aandike.

Maneno haya nimesomewa. Ni yangu, sipunguzi wala siongezi.

Sahihi: K. T. Kombe

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya shahidi. Bwana Mung'aro ataitwa kuhusu maneno ya barazani. Nilimuuliza shahidi mara mbili kama yeye mwenyewe anaamini mshukiwa aliingia nyumbani mwake. Mara zote mbili alijibu, "Aliapa."

Konstebo J. Awiti