Mama Mwoka Mikate, Kitabuni na Kwenye Video

Jumapili. Jua kali, vumbi hadi ndani ya sahani. Nimechoka, lakini siyo uchovu mbaya. Naandika kwenye simu ya Mama kabla hajaihitaji.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi husoma mwisho wa kitabu kwanza. Mwalimu akigawa riwaya, wenzangu wanatazama picha ya jalada. Mimi nafungua kurasa za nyuma, nijue nani anabaki hai. Nilianza baada ya sisi kukimbia vita kutoka Fataki, kijijini kwetu, hadi hapa Bunia.

Kwa hiyo riwaya ya mwaka huu nilijua inavyoisha kabla ya kujua inavyoanza. Ni ya Kifaransa, ya zamani. Mama mmoja anaoka mikate katika kijiji cha baridi kali. Mwanawe ameenda vitani. Kila asubuhi anamtengea mkate mmoja juu ya rafu, na jioni anaula mwenyewe ukiwa umekauka. Katika sura ya mwisho jirani, msaga ngano, anapiga hodi akiwa na mkanda wa suruali wa yule kijana. Mama anautazama. Kisha anashusha mkate kwenye rafu, anaukata, anawagawia majirani, na kwa mara ya kwanza analia mbele ya watu.

Mwalimu wetu wa Kifaransa alituagiza insha: je, filamu imekiheshimu kitabu? Filamu yenyewe aliipata kwenye flashi, akakubaliana na Ya Freddy, kaka mwenye ukumbi wa video mtaani, katika kartye yetu, atuonyeshe jana mchana. Mama hakutaka niende video peke yangu, akamtuma Koko anisindikize. Koko ni mama yake Papa.

Wasiojua video za Bunia lazima niwaeleze. Filamu haionyeshwi hivi hivi. Ya Freddy anakaa kando na mikrofoni, anapunguza sauti ya waigizaji, anasema yeye. Anatafsiri anachokielewa, na asichokielewa anakitunga. Msaga ngano alipokuja kumchumbia yule mama, Ya Freddy alisema, "Papa Unga, rudia kwako! Hapa siye tunauza mukate, hatuuzi mama!" Wanafunzi walicheka, majirani walioingia bila kulipa walicheka zaidi. Mwalimu alikuwa anajishika kichwa.

Mimi nilikuwa nalinganisha. Kitabuni baridi inachukua kurasa nyingi sana, unaisikia mpaka vidoleni. Kwenye filamu ni picha moja tu ya dirisha jeupe. Kitabuni mama ni mnene na anasema sana, kwenye filamu ni mwembamba na kimya. Mwanzoni sikumpenda. Baadaye nilimpenda yule mwembamba, kwa sababu ya namna alivyofuta rafu kwa mkono kabla ya kuweka mkate. Hilo halimo kitabuni. Nadhani hata mwandishi angelitamani.

Tatizo ni mwisho.

Kwenye filamu hakuna mkanda, hakuna majirani. Mama amesimama mlangoni. Mbali, barabarani, mtu anakuja. Hatuoni uso wake. Anakaribia, anakaribia, kisha picha inakuwa nyeupe, imeisha. Mtu aliyesoma kitabu anaweza kudhani ni msaga ngano. Mtu mwingine anaweza kudhani lolote. Lakini Ya Freddy hapendi watu watoke na huzuni, maana hawatarudi. Akaweka mdomo karibu kabisa na mikrofoni, akaita kwa sauti ya kijana, "Mama! Mama, niko nakuja!"

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Koko hakupiga. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka nyumbani.

Sasa niseme ya nyumbani. Papa alibaki Fataki siku ile tuliyokimbia, afunge duka, akasema atatufuata. Jirani mmoja aliyefika Bunia baada yetu alisema alimwona anaanguka karibu na soko. Koko alimuuliza, "Ulimuona karibu ao mbali?" Akajibu mbali. Tangu hapo Koko anashika neno hilo. Barabara ya Fataki haipitiki, hakuna aliyeweza kwenda kutafuta mwili, na matanga hayajafanyika. Mama hajui avae nini. Kanisani wengine wanamwita mjane, wengine wanamuuliza habari za mumewe. Wote anawajibu kwa kichwa.

Baada ya mazungumzo mengi Koko alikuwa amekubali. Baba mudogo, mdogo wake Papa, alikuwa aje kutoka kijiji cha Boga Jumamosi ijayo na watu wa ukoo, tukae matanga hata bila mwili.

Leo baada ya misa Koko alimpigia. "Usikuje," alisema. "Bado. Hata ule mama wa mikate alingoja, na mutoto akarudia." Baba mudogo alisema kitu kirefu. Koko akakata simu. Mama alisimama, akaenda jikoni, na sikusikia sufuria wala kijiko.

Nilikaa na kitabu mapajani. Mimi siyo mtu wa kusema mbele ya wakubwa. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, sauti sina. Lakini nilijua kilichomo katika sura ya mwisho, na katika nyumba hii ni mimi peke yangu niliyejua.

Nilimfuata Koko uani, alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia kitabu hakiishi vile. Akasema, "Soma." Nikamsomea sura yote, nikiigeuza Kiswahili taratibu, mkanda, mkate, kilio. Hakunikatiza hata mara moja.

"Na yule wa video alitoa wapi ile maneno ya 'niko nakuja'?"

"Kichwani mwake, Koko."

"Muongo ule! Meno yote inje, kumbe muongo!" Karibu acheke. Kisha akachagua jiwe dogo katika maharage, akalitupa. "Na huyu mwenye aliandika kitabu, yeye alitoa wapi?"

Naye alitoa kichwani mwake.

Nilikuwa nimekuja na kitabu kama mtu anayekuja na shahidi, na Koko amemuuliza shahidi swali moja tu. Kitabu hakijui habari za Papa. Filamu haijui. Ya Freddy hajui. Ile filamu iliacha uso mtupu pale barabarani, na kila mmoja wetu aliweka uso aliotaka. Hilo nitaliandika katika insha. Lakini kwa Koko halikuwa na msaada wowote.

Ikabidi niseme langu mwenyewe.

"Koko, mimi siko namungoja Papa tena."

Mikono yake iliendelea na maharage. Nilidhani hakusikia, au atanipiga.

"Weye ungali mutoto," alisema.

"Ndiyo, Koko."

"Na mama yako?"

"Mama pia. Lakini anakuogopa."

Kuku alikuja akadonoa maharage mawili, Koko hakumfukuza. Kisha aliuliza kama nyumbani kuna maji. Nikasema yapo kidogo.

"Kidogo itafanya nini? Watu ya Boga wakikuja, watanawa na mate?"

Akaita jina la Mama kwa nguvu, akamwambia aje na simu, wampigie tena Baba mudogo. Mama alitoka jikoni, uso umelowa. Koko alimwonyesha mahali pa kukaa kwenye mkeka, karibu naye, akasogeza sinia la maharage katikati yao.

Nilichukua bidoni zote za maji, hata ile iliyopasuka mdomo, nikaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu. Nilienda na kurudi mpaka pipa likajaa.