Makuhani Niliowafuta

Kasese, Ijumaa, Novemba 1969. Mvua tangu alfajiri. Mlima hauonekani, nami nashukuru.

Ninaandika ili ukweli uwe umekwisha kutamkwa mahali pamoja kabla sijautamka mbele ya mama yangu. Kaka yangu Mumbere alikufa kwa baridi mlimani mwezi uliopita, na ukoo unamlaumu mtu asiyehusika.

Mwaka jana alikuja mgodini fundi mitambo Mjapani, Bwana Hirano. Jioni alitufundisha vijana wachache jodo, sanaa ya kwao ya kupigana kwa gongo ambayo, alisema, hata Wajapani wengi hawaijui. Mumbere, mpagazi wa wapanda mlima huko Nyakalengija, aliyezoea fimbo mkononi, alitupita sote. Mimi nilichojifunza vizuri ni hadithi ya asili ya jodo.

Hapo kale mpiga gongo mmoja alishindwa na bingwa wa upanga. Kwa aibu akapanda mlima wenye hekalu, akakaa na makuhani waliomlisha na kumwombea, hata akatokewa ndotoni na mtoto aliyemwambia akijue chembe cha moyo cha adui yake. Akashuka, akachonga gongo fupi kuliko lake la awali, lililouzidi upanga kwa urefu kidogo tu. Inasemekana alimshinda bingwa yule bila kumwua. Bwana Hirano alinisimulia hivyo siku moja tukiwa wawili, kisha akacheka, akasema hakuna ajuaye kama ni kweli.

Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, nami nikaombwa kutoa hotuba juu ya mada hiyo ukumbini, mbele ya wakubwa wa wilaya. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, natafuta cheo. Niliposoma rasimu yangu niliona kwamba makuhani wanaipunguzia hadithi utukufu. Nikawafuta. Nikamweka mtu yule peke yake, bila chakula, kwenye theluji.

Wakubwa walipiga makofi. Mumbere alikuwa ameketi nyuma.

Wiki mbili baadaye, sokoni Bwera, alishindana na Paluku, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyejifunza pamoja nasi. Gongo likamponyoka Mumbere mbele ya watu. Paluku, ambaye hutania hata msibani, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao, ambako kaka huitwa yaya, "Yaya, fimbo yako iko inalala. Uende uiamushe." Watu wakacheka. Mumbere naye alicheka.

Kesho yake akapanda mlima.

Kila mpagazi anajua kwamba hakuna apandaye peke yake, wala apitaye kibanda cha ibada cha Kithasamba, mungu mwenye theluji, bila kumwachia chakula kidogo. Kaka yangu ndiye aliyewafundisha wageni sheria hiyo. Wenzake walimkuta siku ya tisa chini ya mwamba, ameketi, gongo limelala magotini. Hakuwa amebeba hata muhogo.

Dhihaka ya Paluku haikumwagiza afunge; hotuba yangu ndiyo.

Mama anasema Paluku alimtuma mwanawe kufa. Kibanda cha Paluku sokoni kimefungwa, na wazee wanataka avuke mpaka asirudi tena. Nimenyamaza wiki tatu. Nilijiambia kwamba uhusiano wa sababu na tokeo haujathibitika. Lugha ya kisomi ni blanketi zuri la mwoga. Ukweli ni kwamba hotuba ile ndiyo iliyonipatia kazi.

Jana nilimfuata Paluku hadi Nyakiyumbu, alikojificha kwa shemeji yake, nikamweleza yote. Nilitarajia anitukane. Alikwangua tope kwenye kiatu chake.

"Mimi nilisema fimbo," akasema mwishowe. "Sikusema mulima."

Kisha akaniuliza kama mama anakula.

Sikujua. Mtu aliyefungiwa riziki yake kwa ajili yangu alimkumbuka mama yangu kabla yangu.

Majirani bado wanamwita mama yangu Mama Mumbere. Kwetu majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na jina la mzaliwa wa kwanza halihamii kwa wa pili. Mimi ni Bwambale, na nitabaki Bwambale. Sijui kama ataweza kunitazama akishasikia.

Leo asubuhi nilimpelekea baba mdogo, anayeongoza kikao cha ukoo, barua, nikimwomba nisikilizwe kabla ya hukumu, na Paluku awepo. Mjumbe amerudi na jibu, ameloa chapachapa. Wote wataitwa, na mama pia: nyumbani Bwera, Jumapili baada ya misa, saa nane kamili mchana.