Shingo Niliyoipima kwa Mkono Wangu

Bunda, Jumatatu

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo Baba. Mama naye namwamkia hapo alipo, na kama yuko kisimani mwambieni akirudi, ajue kwamba nimemtaja mwanzo na sio mwisho. Goti lako linaendeleaje? Na yule mbuzi mweupe alizaa salama? Huku mimi na mjukuu wako Salima ni wazima wa mwili. Ana meno sita na anatembea akishika benchi, akiliachia anakaa chini na kujicheka mwenyewe. Baba yake yuko Murangi ziwani kwenye dagaa, anakujaga nyumbani mwezi ukiwaka kwa sababu mbalamwezi inaharibu uvuvi wao. Sasa hivi ni giza, kwa hiyo niko peke yangu.

Nimesema wazima wa mwili kwa sababu moyo si mzima. Baba, nimeharibu kitu cha watu. Nakuandikia kukuomba kwamba nikifukuzwa hapa unipokee na huyu mtoto. Najua siku naondoka Kondoa ulisema nitarudi kabla ya mvua ya pili. Mvua ya pili imepita na ya tatu imeanza, basi angalau hapo nilikushinda kidogo.

Nikueleze toka mwanzo ili usidhani nimeiba. Fundi Ramadhani ninayemfanyia kazi ni seremala, Mwislamu, watu wake walitoka Tabora zamani. Alinichukuaje, sikukuambia vizuri. Nilikuwa nimekaa nje ya karakana yake namnyonyesha Salima, nikaona mpini wa jembe umetupwa, nikauokota, nikaanza kuukwangua kwa kigae cha chupa kama ulivyonifundisha, basi tu mikono isikae bure. Akatoka, akaupitisha mkononi mwake, akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema baba yangu. Akasema, "Kesho njoo, na huyo mtoto umlete." Toka siku hiyo nalainisha miguu ya vitanda, mipini, mbao za milango, na tunalala chumba cha nyuma ya karakana. Kazi ikiisha na chumba kimeisha.

Tena kuna siri nakuambia wewe tu. Fundi macho yake yana ukungu. Mtu akipita ng'ambo ya barabara anamtambua, lakini kitu kilicho mkononi mwake hakioni. Anafanya kwa mazoea, na mimi ndiye ninayemalizia. Hapa Bunda hakuna anayejua.

Sasa mwezi uliopita alikuja mpiga gitaa wa bendi moja ya Musoma mjini, anaitwa Masatu. Ni mtu wa Butiama, mrefu, kiganja chake kama kafi la mtumbwi. Gitaa lake lilianguka kutoka kwenye lori na shingo ikavunjika vipande viwili. Baba, hili si kama yale ya galoni waliyokuwa wakitengeneza vijana wa nyumbani. Hili ni la umeme. Halina tumbo la uwazi, mwili wake ni ubao mzima mzito, na sauti inatoka kwa waya kwenda kwenye spika. Mimi nikasema basi kumbe shingo ni kishikio tu. Fundi akacheka, "Mama Salima, sauti iko kwenye waya, lakini raha ya mpigaji iko kwenye shingo."

Masatu mwenyewe alinionyesha kwa kushika mpini wa nyundo. Kidole gumba kinakaa nyuma, vinne vinakaa mbele, na mkono unapanda na kushuka hapo usiku na mchana. Shingo ikiwa nene mno vidole havifiki upande wa pili, na wimbo wa mbio unakuwa wa kukokota. Ikiwa nyembamba mno kidole gumba hakijui kwake. Na ikiwa nzito, gitaa likining'inia begani kichwa chake kinazama chini, inabidi mkono wa kushoto ulibebe. "Mkono unakuwa kuli," akasema, "badala ya kupiga unabeba mzigo."

Ile shingo ya kiwandani ilikuwa na chuma ndani yake, kirefu, cha kuzuia nyuzi zisiivute ikapinda. Chuma kile nacho kilikunjika na huku hakipatikani. Fundi akachonga shingo mpya ya mninga, akaving'oa vile vijiti vya chuma vilivyopangwa kama ngazi kwenye shingo ya zamani, tukavipachika kwenye mpya. Akaniachia mgongo wa shingo niulainishe. Akaning'iniza kamba ya katani kwenye msumari, ina fundo. "Zungushia shingoni. Fundo likikutana na ncha, acha hapo hapo. Hatuna chuma cha kuweka ndani. Unene wake ndio chuma chake."

Nilisikia, Baba. Siwezi kusema sikusikia.

Miaka yote hii tumekuwa tunalainisha kwa vigae vya chupa na majani ya msasa, yale ya porini, kwa sababu dukani hakukuwa na kitu, hata sabuni ulikuwa unaiota. Siku hizi maduka yamefunguka, vitu vinaingia, na Fundi alinunua msasa wa karatasi, mkali kama ulimi wa paka. Mimi nikasugua kwa muda ule ule niliozoea kwa majani. Salima alikuwa amelala, upepo ulikuwa mzuri, nikafumba macho kama ulivyokuwa unaniambia, "Acha mkono useme." Nikawa naushika, nasugua, naushika tena, mpaka ukakaa kwenye kiganja changu kama umeota hapo. Nikafurahi mwenyewe. Kamba sikuigusa. Nilijiona mimi ni mtoto wa mchonga mipini, kamba ya nini.

Lakini wewe ulikuwa unasema na neno la pili, nami nikalisahau: mpini hupimwa kwa mkono wa atakayelima.

Leo asubuhi tukafunga nyuzi za kujaribia. Nyuzi zenyewe ni nyaya za breki ya baiskeli tulizozifumua, maana ndizo Masatu alizokuwa anatumia. Zile nyaya zina nguvu kama ng'ombe. Fundi alipozikaza, nikaona shingo inainama mbele polepole kama upinde. Nyuzi zikasimama juu ya ubao mpaka nikapitisha kidole changu chini yake. Nani atazibonyeza hizo?

Fundi hakuona. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwa shingo, toka juu mpaka kwenye kiungo. Akarudia.

"Mama Salima."

"Abee."

"Umekula chuma chake."

Bora angenipigia kelele. Akakaa kwenye benchi, akasema taratibu, "Masatu anakuja Alhamisi. Jumamosi wanapiga harusi Musoma. Nikisema kosa ni la kwako, watauliza kwa nini gitaa la watu nimempa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nikisema ni la kwangu, watajua macho yamekwisha. Niambie nisemeje."

Nikamchukua Salima, nikaingia ndani. Najificha ndani kila nikisikia mtu mwenye sauti nzito barabarani. Nimefunga nguo za Salima kwenye kanga, ziko tayari. Shingo nyingine haiwezi kukauka gundi kabla ya Jumamosi. Baba, nijibu upesi kama nije.


Alhamisi

Baba, barua sikuituma. Mwenye lori anayekuja huko Kondoa alisema haondoki mpaka kesho, basi naendelea hapo nilipoachia.

Masatu kaja leo baada ya adhuhuri. Nilimsikia kabla sijamwona, anataniana na muuza mihogo. Salima nikamfunga mgongoni, naye akaanza kulia kana kwamba anajua. Masatu akalichukua gitaa, akaliweka kwenye paja, akalishika shingo. Uso wake ukabadilika. Akalitazama kwa ubavu kama mtu anayelenga bunduki.

"Fundi, nani kailamba hii? Niliacha gogo, nimekuta kijiti cha kuchokonolea meno."

Fundi akafungua mdomo. Nilijua atasema ni yeye. Nikawahi, sijui nguvu ilitoka wapi.

"Ni mimi."

"Wewe? Wewe mama?"

"Mimi. Kamba ya kipimo ilikuwepo, sikuitumia. Nilipima kwa mkono wangu."

Akauchukua mkono wangu, Baba, akauweka juu ya kiganja chake. Vidole vyangu vilikomea katikati ya vyake. Nikadhani atanivunja. Akasema, "Sasa huyu na mimi tunafananaje?" Fundi akajibu, "Kufanana hamfanani, lakini kusema ukweli kakushinda. Wewe siku ile unalileta ulisema gitaa limeanguka lenyewe." Masatu akataka kukasirika, akashindwa, akacheka kidogo puani. Mimi sikucheka.

Halafu akatoa bahasha mfukoni. Shemeji yake kavuka mpaka wa Kenya pale Sirari akaleta nyuzi za gitaa, za kweli, mpya. "Ondoeni hizo breki," akasema, "hii siyo baiskeli." Nyuzi zile ni nyembamba, moja unaweza kudhani ni unywele. Tulipolegeza nyaya za baiskeli, tukaliacha gitaa kwenye benchi ili shingo ijinyooshe, na sisi tukakaa tunalitazama kama mgonjwa. Masatu akala mihogo, akanywa chai, akamrushia Salima kipande. Adhana ya alasiri ilipoita, Fundi akafunga nyuzi mpya, akazikaza. Hizi hazivuti kama zile. Shingo ikainama kidogo, ikasimama hapo hapo. Nikapitisha kidole changu chini ya nyuzi, safari hii hakikupita.

Akapiga bila umeme, sauti kama mbu kwenye neti. Mkono wake ukapanda, ukashuka, ukapanda tena kwa kasi mpaka mwenyewe akashtuka.

"Inateleza kama kamongo," akasema. Kamongo ni samaki wa huku, ukimshika hushiki kitu. "Kidole gumba kinatafuta kwao. Shingo hii ina haraka kunizidi."

Akasimama, akalivaa begani, akaachia mkono wa kushoto. Kichwa hakikuzama. Lilikaa sawa kama mizani. Fundi akasema ni kwa sababu mti umepungua uzito. Masatu aliachia mkono mara tatu, kama mtu asiyeamini.

Usidhani yameisha, Baba. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akaniangalia mimi, sio Fundi. "Jumamosi ukumbi unajaa. Joto, jasho, masaa sita napiga. Ikipinda mbele za watu nitarudi hapa, na sitakuja kutania." Kesho kutwa ndiyo hiyo Jumamosi. Barua hii itakuwa njiani na mimi nitakuwa nimekaa hapa nasikiliza barabara. Bado naogopa. Nguo za Salima bado ziko kwenye kanga.

Lakini kuna neno Fundi kanipa, ndilo linalonifanya nibadilishe ombi langu. Kasema tuanze leo shingo ya pili, ya akiba, na tupitishe ndani yake ufito wa mti mgumu badala ya chuma. Na kasema, "Utaimaliza wewe." Kamba ya katani kaitoa kwenye msumari, kanifunga kiganjani.

Basi usinitengee nafasi ya kulala. Nitumie mpingo wa ufito huo, ule uliokuwa unachongea michi, kipande kirefu kama mkono wako toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kilichonyooka, kilichokaa kivulini mwaka. Mpe mwenye lori, anapajua hapa. Usiulainishe. Nitaulainisha mwenyewe, kwa kamba. Na kama Jumamosi itakwenda vibaya, mpingo nitaukuta njiani wakati narudi.

Nisalimie Dada Hawa, mwambie zile kanga alizonipa siku ya kuondoka ndizo zinazombeba mtoto. Msalimie Mjomba anayetengeneza baiskeli, mwambie nyaya zake za breki zimenitesa. Bibi mzaa mama mshikie mikono kwa niaba yangu. Wote wamwombee binti yako Jumamosi.

Nyuma ya karatasi hii kuna mkono nimeuchora. Ni wa Salima, hakutulia, ndiyo maana kidole kimoja kimekuwa kama viwili. Mama aliandika kwamba unataka kumchongea mwiko wake mdogo. Mchongee, Baba, lakini kipimo ni hicho hapo nyuma. Usipime kwa mkono wako.

Ni mimi mwanao anayekuogopa na kukutegemea,

Zaituni, mama Salima