Viti Viwili Vilivyopeana Mgongo

Mkuyuni, Mwanza

Kwako mke wangu, Mama Nyangeta,

Hamjambo hapo nyumbani Majita? Nyangeta amepona kile kikohozi? Na mihogo imesalimika na mvua? Mimi mwili haujambo. Kichwa ndicho kimevurugika, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Simu ya mama yangu huwekwa spika nyumba nzima isikie, na haya ni ya kwako peke yako.

Uliposema utarudi Mwanza siku nitakapoacha pombe, nilikasirika. Nilisema mlevi ni yule anayelala mtaroni, mimi nalala kitandani. Lakini bosi wangu, yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri vya injini za boti pale Mirongo, aliniona natetemeka nikichambua boliti.

"Bwire, mikono yako inakusema," akaniambia. "Kule kwenu Mkuyuni, ukumbi wa nyuma ya kanisa, kila Jumamosi wapo watu wanasaidiana kuacha. Nenda kasikilize tu."

Basi nikaenda. Mlinzi wa getini akaniuliza nafuata nini, aibu ikanishika, nikasema kwaya. Mke wangu, nikapelekwa kwaya kweli! Wakaniweka kwenye besi, nikaimba wimbo mzima nisioujua. Mwalimu wao akanitazama weee, halafu akanivuta pembeni. "Ndugu, chumba unachotafuta ni kile cha mwisho. Wengi huanzia kwetu." Sikujua nicheke au nilie.

Nikaingia. Viti vimepangwa duara, watu wa kawaida tu, na mama anayeongoza akanionyesha kiti kilichobaki. Nikakaa, nikainua macho. Mbele yangu amekaa mama yako.

Ndiyo, mama yako mzazi, wa Magu. Ile kliniki ya presha anayoijia Mwanza kila Jumamosi ndiyo hiyo.

Unajua mila, kwenu na kwetu. Tangu nikuoe sijawahi kukaa na mkwe wangu chumba kimoja. Hata njiani mmoja humpisha mwenzake, nasi husalimiana tukitazama majani. Tulisimama wote wawili. Yeye akajifunika uso kwa kanga, mimi nikakimbilia mlango. Kiongozi akauliza kama tumegombana.

"Hawa ni wakwe," akajibu mzee mmoja wa Ukerewe. "Waacheni kwanza."

Nimeshika kitasa, sijui la kufanya. Nikikaa, nimemvunjia heshima. Nikitoka, ataona haya asirudi tena, nami nitaishia kilabuni. Ndipo nikamsikia.

"Mkwe, usitoke. Ukitoka leo hutarudi. Mimi nilitoka hivyohivyo, nikakawia sana kurudi."

Akashika kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukutani. Nami nikageuza changu kikaelekea dirishani. Tukakaa hivyo, tumepeana mgongo mbele ya watu wazima, na kikao kikaendelea.

Alianza yeye. Alisema gongo aliizoea baada ya matanga ya baba yako, wageni walipoondoka na nyumba ikawa kimya. Alikuwa anainywa kwenye kikombe cha chai, wajukuu wasijue. Nililia, nikashukuru kwamba natazama dirisha. Zamu yangu ilipofika nikataja jina, nikasema pombe imenishinda, imeniondolea mke na mtoto. Nyuma yangu nikamsikia akiitikia, "Pole, mwanangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Sasa mimi ni nani kwake, mkwe au mgonjwa mwenzake? Hapo ndipo nilipopotea mpaka leo.

Usinilaumu kwa kukuandikia haya. Sheria yao ni kwamba yanayosemwa mle hubaki mle, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenituma. Baada ya kikao alisimama upande wa pili wa mlango, akasema, "Mwandikie mwanangu. Mimi mdomo umekataa."

Nimeulizia kikundi kingine ili nimpishe, kama tunavyopishana njiani. Hapa karibu sijapata. Kuna siku naona nimejitafutia laana, kuna siku naona ni mkono wa Mungu. Tangu siku ile sijanywa, lakini usishangilie bado. Jana nilizunguka hadi sokoni ili nisipite mbele ya kilabu. Jumamosi iliyopita nilirudi pale kwa mashaka, nikakuta viti viwili vimeshageuzwa. Mama yako alikuwa amewahi, akanigeuzia na changu.

Mama yangu mpe shikamoo, na akiuliza mwambie siku hizi naenda kwaya. Si uongo mtupu. Kaka Magesa mwambie injini ya mtumbwi asiiguse mpaka nimpelekee plagi mpya. Nyangeta mbusu kwa niaba yangu, akiwa amelala.

Limebaki moja, nalo ni la mama yako. Anasema usimtumie tena unga wa mlonge wa presha, presha hana. Anaomba uje mwenyewe Jumamosi moja. Anasema kati ya viti vyetu kuna nafasi ya kiti cha tatu, na ni wewe peke yako unayeruhusiwa kututazama wote wawili usoni.

Mimi sithubutu kukuomba. Nimeandika tu alivyosema.

Mumeo, mwenye kuchanganyikiwa ila si kwa pombe,
Bwire