Mwalimu Damas na Sababu Bandia

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Mke wangu Siwema anaimba tena. Anasonga ugali huku anaimba! Na leo ndiyo siku ya lori la Igunga. Dereva ni yule Ngollo, mtu wa kwao Siwema, Ziba, mrefu, mcheshi. Humletea mke wangu mchele kutoka kwa mama mkwe wangu. Leo wamecheka mlangoni. Mchele unachekesha nini?

Jumatano, 8 Agosti
Kwa Mzee Trivedi, baba wa mwenye duka la vitambaa. Mimi namfundisha Kiswahili, yeye ananifundisha mantiki ya kwao Bara Hindi. Somo la leo: sababu bandia. Kwao huitwa hetvabhasa. Ukiona moshi mlimani, sema pana moto. Lakini ukiona moto, usiseme lazima pana moshi — chuma kikiiva tanurini ni moto mtupu, na moshi hakina.
Nikatoa mfano, nikamsingizia rafiki: mkewe ana mtu, kwa sababu anaimba.
“Wasio na mtu hawaimbi?” akauliza.
Nikaaga.

Ijumaa, 10 Agosti
Khanga ya Siwema inanuka sigara. Nimeinusa kwenye kamba kama mbwa. Aibu!
Trivedi kasema sababu hiyo haijathibitishwa. Ni sawa na kusifu harufu ya ua linalomea angani — kwanza lionyeshe hilo ua. “Sigara ya nani, Mwalimu?” Ameshajua hakuna rafiki. Na mimi mwenyewe navuta.

Jumatatu, 13 Agosti
Lori limekuja. Siwema kapokea mchele, macho chini, hata hakumtazama Ngollo. Nikajua: anaficha! Nikamwambia yote, na matusi juu. Hakulia. Kasema wiki iliyopita alicheka, nikanuna; leo kanyamaza ili nitulie, namtukana.
“Nifanye nini, Damas, usichokiita dalili?”

Jumanne, 14 Agosti
Trivedi hakucheka. Kasema hii ndiyo mbaya zaidi: sababu inayothibitisha kinyume chake. Mke aliyeinamisha macho kwa ajili yangu! “Nenda kamwombe radhi.”
Nimerudi mbio. Lori liko mlangoni. Mungu anisamehe — nilifurahi! Nilikuwa sahihi!
Ngollo kasimama nje, amevua kofia. “Shikamoo, Mwalimu. Mimi nimeombwa tu.” Ndani, Siwema anafunga sanduku. Anarudi kwa mama yake. Nimekaa mezani, naandika, kwani mikono haijui la kufanya. Kaniomba niinue kiwiko: kitambaa cha meza alikishona yeye.
Neno la radhi liko mdomoni. Badala yake nimemuuliza atakaa mbele na dereva, au nyuma.
Anakunja kitambaa, amefika penye daftari langu —