Mtego Mmoja, Makosa Mawili

Umetimia mwaka, Mama, tangu asubuhi ile Baba alipotoka chumbani kwenu, akasimama mlangoni, na sote tukaelewa. Mwaka wenyewe tumeuvuka roho juu juu. Hatutadanganya mbele ya watu kwamba tumezoea. Hatujazoea.

Wanaosoma haya na hawakukujua, tuwaambie kidogo. Ulikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na somo ambalo watoto hulikimbia wewe uliligeuza mchezo. Kila kipindi uliweka kosa moja ubaoni kwa makusudi, na hukusema liko wapi. Kengele ikikaribia, unajifuta chaki kwenye sketi, unawageukia: "Haya, kosa la leo liko wapi?" Hapo darasa zima linakuwa macho. Aliyeliona alikuja mbele, akapokea chaki mkononi mwako, akasahihisha, nawe ukamwambia, "Asante, mwalimu," bila utani hata kidogo. Ndiyo maana walikuita Mama Mtego. Ulijifanya hulijui jina hilo. Ulilijua vizuri sana, na ulilipenda.

Nyumbani nako hatukupona. Ulikata mkate ukasema umegawa sawasawa, kumbe kipande kimoja kinene kama kiatu, ukawa unangoja nani atalalamika. Kaka hakulalamika hata siku moja, maana kile kinene alikuwa ameshakitia mdomoni. Baba naye, fundi cherehani mzima, ulimtajia vipimo vya gauni lako na kosa ndani yake. Akakutazama juu ya miwani: "Mke wangu, hiki kiuno ni cha nani?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

"Mkiniamini mimi tu, mmekwisha," ulikuwa ukisema. "Niangalieni mkono."

Kisha ikaja ile jioni. Uliingia, hukuvua viatu, ukakaa kwenye kiti cha jikoni na mkoba mapajani. Mimi nilikuwa namenya viazi. Ukasema taratibu, "Leo nimetega moja. Wamekamata mawili."

Baba akacheka. "Basi wamekuwa wakali hao! Umewafundisha kupita kiasi."

"Si hivyo, baba watoto. La pili sikuliweka mimi. Nimeandika sita mara nane ni arobaini na sita, nikaona iko sawa." Ukaukumbatia mkoba. "Hata waliponionyesha, niliona iko sawa."

Baba akaacha kucheka. Sikumbuki kama vile viazi vilipikwa.

Hospitali wakaona uvimbe kwenye ubongo. Tulipotoka kwa daktari ulishika mkono wangu ukasema, "Naogopa," na hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwako. Hata hivyo ulirudi darasani mpaka daktari alipokukataza. Wanafunzi wako walitusimulia msibani ulivyowaambia siku ile uliporudi: "Kuanzia leo makosa mengine si mtego, na mimi mwenyewe sitayaona. Mkiona kosa, msinionee haya. Semeni." Wakasema, Mama. Walinyoosha mikono hali machozi yanawatoka, wakaja mbele, wakapokea chaki. Nawe ulimshukuru kila mmoja.

Sasa niseme yangu mimi binti yako, ninayeandika kwa niaba ya wote. Nafundisha hesabu chuo cha ualimu, kazi uliyonisukumia mwenyewe. Daktari alituambia ugonjwa wako mara nyingi haurithiwi. Mara nyingi. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mara nyingi si kila mara! Basi tangu uondoke nimekuwa nauogopa ubao. Nikikosea herufi moja tu, kijasho chembamba kinanitoka. Nikisahau funguo, siku nzima najihesabia dalili.

Nikawa naingia darasani na karatasi. Nanakili kilichomo, nahakiki, nahakiki tena, natoka. Hakuna mtego, hakuna swali la papo hapo. Wanafunzi wakaanza kusinzia. Mkuu wa idara alichungulia siku moja, akanisubiri koridoni: "Mwalimu, unafundisha au unasoma taarifa ya habari? Hawa ndio wanaokwenda kuwafundisha watoto wetu." Nikacheka naye. Nilipofika chooni nikalia.

Nikamwambia Baba naacha ualimu, bora nikae dukani kwake nimshonee vifungo. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani. "Vifungo vyenyewe unashona upande. Rudi chuoni." Nikamwambia naogopa. Akasema, "Najua. Hata mimi naogopa. Rudi."

Wiki hii nikajikaza kisabuni. Niliingia mikono mitupu, nikaandika mlinganyo mrefu ubaoni, nikautatua mbele yao. Mtego wangu niliuweka kwenye mabano: nilizidisha namba ya kwanza, nikaiacha ya pili kama ilivyo. Kengele ilipokaribia nikageuka. "Haya, kosa la leo liko wapi?" Sauti ilitoka yako kabisa, nikashtuka mwenyewe.

Mama, laiti ungewaona! Waliosinzia muhula mzima wakasimama. Kijana mmoja akaja mbele, akarekebisha mabano. Nikamwambia, "Asante, mwalimu." Nikapumua. Nikashika kifutio.

Ndipo msichana wa kiti cha nyuma, yule asiyeongea tunayemwita Kimya, aliponyoosha mkono. "Mwalimu, na lile la juu?"

Nikatazama juu. Saba mara nane, hamsini na nne. Mwandiko wangu.

"Leo mitego miwili!" darasa likashangilia, wengine wakapiga meza. Wao walikuwa wanaangalia ubao, na mimi nilikuwa najiangalia mwenyewe. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: je, naiona iko sawa, kama ulivyoiona wewe? Niliona ni kosa. Nadhani niliona. Au niliona kwa sababu nimeshaambiwa? Mpaka leo sina hakika, na swali hilo halinipi usingizi.

Ningeweza kuwaacha waamini nimetega mawili. Walishaamini tayari. Lakini nikakumbuka sketi yako na chaki zake, nikawaambia, "Hili la pili sikulitega. Ni langu." Wakaacha kupiga meza. Kimya akaja, akasita, nikampa chaki. Akafuta nne, akafuta hamsini yote, akaandika upya hamsini na sita.

"Asante, mwalimu," nikamwambia.

Jioni nikaenda dukani kwa Baba. Nikasimama mbele ya cherehani, nikamwambia yale yale maneno, maana sikuwa na mengine: "Leo nimetega moja. Wamekamata mawili."

Safari hii hakucheka. Alivua utepe wa kupimia shingoni, akaukunja polepole mpaka ukaisha. "Jumatatu tunakwenda hospitali wote," akasema. Kaka nilipompigia simu alijitahidi: "Ah, dada, saba mara nane hiyo! Nani hajawahi kuikosea?" Kisha akaniuliza Jumatatu saa ngapi, naye anakuja.

Basi ndivyo tulivyo leo, siku ya kumbukumbu yako. Kesho naingia darasani, bila karatasi. Jumatatu tunakwenda kupima. Wanafunzi nimeshawaambia kama ulivyowaambia wako: niangalieni mkono, na msinionee haya. Naogopa, Mama. Naogopa sana. Lakini chaki sijaiweka chini.

Unakumbukwa na mumeo, fundi, ambaye gauni lako la mwisho hajalitoa kwenye hanga la dukani. Na mwanao mkubwa, aliyekuwa akila kipande kinene. Na mkweo, na mjukuu wako ambaye tayari anatusahihisha tukihesabu vidole vyake. Na dada yako aliyekuuguza. Na wanafunzi wako wote waliopokea chaki mkononi mwako. Na mimi, binti yako.

Majibu yakitoka tutakuja sote pale ulipolala tukusomee, yawe yoyote yale. Siku zote tuko nawe, Mama Mtego.